Mahari ya Mnazi Ulio Hai

Nyinyi vijana hamnipigii simu mnazi ukiwa mzima. Mnanipigia ukishakauka, tena mnaanza na shikamoo ndefu ya mtu aliyevunja sahani ya watu. "Shikamoo Bi Mishi, za siku nyingi Bi Mishi, eti mnazi wangu umefanya nini?" Mnazi haukufanya kitu, mwanangu. Wewe ndiye uliyeufanya. Basi sasa nimestaafu, nakaa kwa binti yangu hapa Mansfield, pembeni mwa Dallas, sina bosi wa kunikonyeza nikate simu. Nitawaeleza yote mara moja, mjue, kisha mniache nilale mchana wangu.

Mimi ni mtu wa Msambweni. Hapa Texas nimefanya kazi ya vitalu vya mimea, kwanza kitalu kimoja nje ya Houston, njia ya kwenda Katy, halafu Carrollton huku upande wa Dallas, mpaka magoti yakasema basi. Nilikuwa upande wa minazi, mikindu, mipopoo, na ile mingine ya mapambo ambayo kwetu hatukuipa jina kwa sababu haina kazi. Watu wa huku huinunua kiangazi, wakaiweka kwenye chungu pembeni mwa bwawa la kuogelea, wakaipiga picha. Baridi ikibisha hodi ndipo wanakumbuka kuuliza inaishije.

Nilivyoipata kazi yenyewe ni kichekesho. Bosi aliniuliza kama naijua minazi. Nikacheka. Nikamwambia kwetu ukiinua macho unaona mnazi, ukiyashusha unaona kifuu. Akaniajiri palepale. Kumbe kukaa chini ya minazi si kuijua! Kwetu nazi huanguka yenyewe, ikaota yenyewe, sisi kazi yetu ni kuangua na kukuna. Mimi nikazichukua nazi za watu, nikachimba, nikazizika zote mpaka zisionekane, nikashindilia udongo kwa mguu. Zikaoza moja baada ya moja. Ikafika mahali wateja wanauliza kama kuna panya kafia humo bandani.

Aliyeniokoa ni Bi Lan. Huyu alikuwa mwanamke wa Vietnam, mfupi, kofia pana, anatoka huko kwao sehemu yenye minazi mingi kuliko watu. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Akaifukua nazi yangu moja, akainusa, akaniangalia kutoka chini mpaka juu, akaniuliza, "Huyu bibi yako? Mbona umemzika?" Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha akanifundisha, naye alinifundisha kwa kunipiga vidole kila nikikosea, nami nikiwa mama wa watoto wakubwa.

Nazi huwekwa kwa ubavu, nusu ndani ya udongo, nusu nje. Na iwe na makumbi yake, lile ganda la nyuzi la nje. Hiyo mliyoinunua dukani imeshafuliwa, imekwanguliwa ikawa nyeupe, imefungwa plastiki, hiyo msinipigie simu. Ipikieni wali. Udongo uwe na mchanga mwingi, maji yapite, chungu kiwe na matundu chini. Msichukue chungu kikubwa kama pipa kwa mche mdogo, maana udongo usio na mizizi hukaa na maji ukachacha. Kujua kama mti una kiu, ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kimegandwa na udongo, weka kopo chini uende zako.

Na maji ya baridi kali, hapana! Bi Lan alikuwa akichanganya maji ya moto na ya bomba kwenye ndoo, akatia kiwiko kupima, vile mnavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Nikadhani ni mapenzi tu ya mwanamke asiye na wajukuu karibu. Kumbe ndiyo siri yenyewe. Mnazi wa chunguni hufa kuanzia chini. Watu wa huku wakisikia baridi inakuja wanakimbilia kufunika makuti kwa mablanketi, chungu wamekiacha juu ya saruji ya gereji, mizizi inaganda. Ni sawa na kumvika mtoto kofia ya sufu ukamsimamisha pekupeku kwenye barafu. Inua chungu kutoka sakafuni. Weka ubao, weka ile mikeka ya umeme ya kupasha miche joto, na mti uwe karibu na dirisha la kusini.

Jambo jingine mnalojidanganya nalo ni mwaka wa kwanza. Mche wa mnazi mwaka wa kwanza unakula akiba iliyo ndani ya nazi. Hata ukiuimbia taarabu tu utaota. Mwenyewe anavimba kichwa, anawafundisha jirani. Akiba ikiisha, mti unakugeukia wewe na kukuuliza chakula kiko wapi, ndipo simu zinaanza.

Haya. Sasa niwape ya Zuhura na Swaleh. Wamenipa ruhusa, tena Zuhura kasema nisipunguze neno.

Zuhura ni binti wa Mzee Khamis, Mpemba wa Carrollton, aliyeendesha teksi za uwanja wa ndege miaka chungu nzima na sasa kazi yake ni kubishana na habari kwenye televisheni. Binti mwenyewe ni nesi. Kazaliwa huku, kasoma huku, Kiswahili chake kinatembea na Kiingereza kama ndugu wawili wasiopendana lakini hawaachani. Swaleh ni kijana wa asili ya Mombasa, anafanya hesabu katika ofisi moja ya Fort Worth, kapanga fleti hapa Mansfield. Mamake anakaa Katy, kule upande wa Houston, na kaka mkubwa. Kijana mpole, msafi, mwenye adabu, na hajawahi kufuga hata samaki.

Siku ya posa nilikuwepo, maana Mzee Khamis ni mtu wangu, na tena kulikuwa na biriani. Wanaume sebuleni, wanawake jikoni, mlango wazi. Kaka wa Swaleh kasema maneno yake mazuri, sheikh waliyekuja naye kasema yake, mpaka wakafika kwenye mahari. Mzee Khamis akasema, "Mahari si yangu. Mwiteni mwenyewe aseme."

Zuhura akasimama mlangoni na sinia ya visheti mkononi. Akasema, "Nataka mnazi."

Nilisikia friji inavyonguruma.

"Mnazi mmoja, kwenye chungu," akaendelea. "Swaleh autunze mwenyewe, apite nao baridi moja, halafu anikabidhi ukiwa hai. Na iwe hapa Dallas. Not Houston. Houston is cheating."

Hapo alikuwa na haki. Mimi nimefanya kazi kote kuwili. Baridi ya Houston mnazi huugua, ya Dallas mnazi hufa.

Kaka wa Swaleh akamgeukia sheikh. "Kwani sisi tumekuja kuposa au tumekuja kulima shamba?" Mamake Swaleh, aliyekuwa jikoni karibu yangu, akashika kifua. Alikuwa keshaandaa seti ya dhahabu, bangili mpaka kipini. Mzee Khamis yeye alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo.

Zuhura akawaeleza, naye hakuwa akicheka. Bibi yake mzaa baba, huko Pemba, aliolewa kwa mahari ya minazi. Shamba la mume, minazi ya mke. Mume alipofariki, ndugu zake wakaja kuchukua shamba, wakachukua kweli, lakini minazi hawakuigusa, kwa kuwa ilikuwa mali ya mwanamke kwa ushahidi wa watu. Yule bibi akawa anaangua nazi zake katikati ya shamba la watu, akasomeshea watoto, na Mzee Khamis mwenyewe ni mmoja wao. Wenye shamba wakitaka dafu, walimbishia hodi. "Dhahabu ninayo," Zuhura akasema. "Nafanya kazi, nitanunua nyingine. I want what Bibi had."

Mzee Khamis hakucheka tena. Akajifanya anafuta miwani.

Sheikh akasema mahari ni haki ya mwanamke, anataja anachotaka, ilimradi ni kitu halali, chenye thamani, kinachojulikana. Mnazi ni halali, una thamani, na hakuna mtu humu ndani asiyeujua. Swaleh akaulizwa. Masikio yamemwiva, akasema, "Nimekubali." Basi ikapangwa: nikaha baada ya baridi, mwezi wa nne, na mnazi ukabidhiwe siku moja kabla. Kisha Mzee Khamis akanielekezea kidole kutoka sebuleni. "Bi Mishi ndiye mjuzi. Siku hiyo yeye atauangalia, aseme u hai au umekufa. Neno lake ndilo neno."

Nikaona biriani ile haikuwa ya bure.

Kesho yake Swaleh huyo kitaluni kwangu, maana nilikuwa sijastaafu bado, na shati la ofisini. Akachagua mche wa kumfika kifuani, makuti manne mapana, nazi yake bado imeshikamana chini. Nikaanza kumweleza ya kidole na ya kiwiko. Akasema, "Usihangaike Bi Mishi, nimeu-google." Nikamwambia vizuri sana baba, mpigie basi huyo Google Januari. Baada ya muda mfupi akanitumia picha, makuti manjano, chungu kinaelea. Alikuwa akiumwagilia kila siku asubuhi kabla ya kazi, na jioni akirudi, ili uone anavyoupenda. Nikamwambia unampenda Zuhura, si mnazi. Mnazi uache upumue.

Lakini alijifunza, haki ya Mungu. Majani yalipoanza kupukutika miti ya huku, akauingiza ndani, akausogeza dirisha la kusini, akanunua taa, akaweka ubao na mkeka wa joto. Akaacha kunipigia simu mara tatu kwa siku. Nikaanza kuamini tutakula pilau ya harusi.

Ndipo akaja mamake kutoka Katy, ile sikukuu ya Novemba ya kula bata mzinga.

Sasa msimcheke huyu mama, kwa maana yeyote aliyekulia pwani angefanya alilofanya. Kaingia, kautazama mnazi, kauzunguka, akauliza, "Umeutia chumvi?" Swaleh akasema hapana. "Mnazi bila chumvi! Mnazi upi huo?" Kwetu ukipanda mnazi unatia chumvi na jivu shimoni, babu zetu walifanya, nasi tukafanya, na mnazi hupenda. Kwa hiyo Swaleh alipokwenda dukani kununua maziwa, mama akachukua pakiti nzima ya chumvi akaimwaga chunguni, akamwagilia, akapangusa mikono. Kwa mapenzi kabisa. Alikuwa anaisaidia harusi.

Kwetu mvua ya masika inaichukua ile chumvi, inaipeleka chini huko inakojua. Chungu hakina masika. Chumvi imekaa palepale na mizizi ndani yake. Baada ya siku chache ncha za makuti zikawa kahawia, zinasinyaa kwenda ndani. Swaleh akanipigia kwa video, uso umemshuka. Nikamwuliza mama yako yuko wapi? "Amerudi Katy." Nikamwuliza, kabla hajaondoka alitia nini? Akaenda jikoni, akarudi na pakiti tupu. Akaishika mbele ya kamera.

"Upeleke bafuni," nikamwambia. "Uoge."

Mnazi ukaingia kwenye hodhi la kuogea. Maji ya uvuguvugu, polepole, yaingie juu yatoke chini, uache uchuje, urudie tena kesho, na kesho kutwa. Swaleh mwenyewe akawa anaoga huko anakofanyia mazoezi, kwa sababu kwake bafuni kuna mgeni. Ncha zilizoungua hazikupona, hizo haziponi, lakini kahawia ikasimama. Nikampongeza. Mamake akapiga simu kuuliza chumvi imefanya kazi gani, na mtoto mwenye adabu akajibu, "Imefanya kazi, Mama."

Baridi yenyewe ikaja Februari, na ilikuja kwa hasira. Mnaokumbuka zile siku umeme ulipokatika nyumba zikawa friji, mnajua nasema nini. Barabara barafu tupu, magari yamelala mitaroni. Mamake alikuwa keshamsihi tangu mapema: "Ulete Katy, huku kuna afadhali, nani atajua?" Swaleh alikataa. Sasa hata angetaka hawezi kutoka. Fleti yake kila kitu ni umeme, jiko, hita, mkeka wa joto, vyote vimekufa.

Alinipigia mchana, sauti ya mtu aliyevaa kila kilichomo nyumbani. "Bi Mishi, nifanye nini?" Nami nikiwa nimejifunika mablanketi, meno yanagongana, nikamwambia atafute mahali padogo kuliko pote, mbali na madirisha. Akasema kuna kabati la nguo, lile la ukutani la kuingia mtu. Nikamwambia toa viatu, tandika magodoro na mazulia chini, ingiza mnazi, funga chungu kwa mablanketi kwanza, makuti baadaye, ukishamaliza ingia na wewe, ufunge mlango. Mtu mmoja ni hita ndogo. Akaniuliza, "Mpaka lini?" Nikamwambia mpaka umeme urudi, ulitaka kuoa au hukutaka?

Umeme uliporudi nikampigia mimi. Nikamwuliza amelala wapi siku zote hizo. "Kabatini, Bi Mishi." Amelala na nani? "Na mahari." Loo, nilicheka mimi, mpaka binti yangu akaja kuangalia kama nimepatwa. Makuti yalikuwa bado kijani, kijana kavimba miguu kwa kujikunja, lakini anasikika kama aliyeshinda vita.

Tulifurahi mapema. Baridi ya mnazi haisemi siku ileile. Machi nilikwenda kuutazama. Lile kuti changa la katikati, lililojikunja kama mwavuli uliofungwa, ndilo roho ya mti. Mnazi una kichwa kimoja tu, hauna matawi ya kuanzia upya, hapo katikati pakioza basi. Nikalishika kwa vidole viwili, nikalivuta pole, pole kabisa. Likatoka lote mkononi mwangu, chini jeusi, linanuka.

Swaleh aliliangalia, akakaa kwenye sakafu. Kijana wa hesabu, na ndevu zake, akalia. Na mimi, sikieni, nilitamani kulirudisha.

Nikamwonyesha alichonionyesha Bi Lan zamani. Unaukata ule uozo mpaka ufike penye weupe, kisha umimine ndani ya shimo ile dawa ya vidonda ya dukani inayotoka povu. Ikichemka, kuna uchafu. Unarudia siku nyingine mpaka ikae kimya. Juu pasiingie tone la maji, chini pawe na joto. Mara nyingine mti unasukuma kuti jipya kutoka ndani. Mara nyingi hausukumi. Nikamwambia ukweli huo bila sukari, na kwamba mwezi wa nne ni karibu, na mnazi wa namna hiyo unaweza kukaa miezi na makuti yake ya zamani ya kijani, mtu hajui kama ni mzima au ni maiti.

Habari zikafika Katy. Jumamosi iliyofuata mama yule akaja Mansfield na kaka mtu, wamelaza kiti cha nyuma cha gari, ndani kuna mnazi. Mnazi mzuri, sikatai! Kimo kilekile, makuti yanang'aa, nazi chini, umetoka kwa mtu mmoja wa Houston. Wakausimamisha sebuleni ubavuni mwa yule mgonjwa. Mama kanishika mkono.

"Bi Mishi, wewe ni mama na mimi ni mama. Harusi ndiyo hii imefika, watu wanakuja kutoka hata Mombasa. Sema tu ndio huu. Mnazi ni mnazi."

"Mama Swaleh," nikamwambia, "nimefanya kazi na miti umri wangu wote wa Marekani. Nimeombwa niishushe bei, nimeombwa niipandishe bei. Sijaombwa kuitolea ushahidi wa uongo. Na hapa aliyeahidi si mimi. Mwulize mwanao."

Sote tukamtazama Swaleh. Akauangalia mzuri, akauangalia mbaya wenye shimo kichwani. Ule mzuri ungempa mke bila swali, na hata kama mimi ningesema huu si ule, nani angemsikiliza mwanamke mmoja mbele ya pilau ya watu mia?

"Mama," akasema, "huo sikukaa nao kabatini."

Mamake akaingia jikoni kupika chai, akagonga masufuria kidogo ili tujue ameudhika, halafu akatuletea chai na mahamri. Mnazi wake akarudi nao Katy, akautia chumvi, na mpaka leo uko uwanjani kwake unapendeza, kwa vile Houston mvua inasamehe. Kila nikienda ananionyesha.

Basi siku ya kukabidhi tukaenda Carrollton. Swaleh kausukuma mnazi mwenyewe kwa kigari cha magurudumu mpaka mlangoni kwa Mzee Khamis. Ndani kumejaa wanawake, Zuhura amekaa kwenye mto, mikono na miguu ina hina mbichi mpaka kwenye kiwiko, haijakauka, shangazi zake wanampepea kwa makawa ya kufunikia chakula. Akasikia magurudumu, akainuka, anatembea kwa visigino, mikono ameinyoosha mbele. Wakatoka wote uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule.

Mnazi uliaibisha. Makuti matatu, ncha kahawia, katikati hakuna kitu. Kaka wa Swaleh akaangalia viatu vyake. Shangazi mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kwamba hata ufagio hautoki hapo.

Swaleh hakumgojea mtu aulize. Akamweleza Zuhura mbele ya watu wote, chumvi, kabati, kuti lililong'oka. Akasema, "Sijui kama u hai. Nimefanya yote ninayoyajua na niliyofundishwa. Ukisema nirudi mwakani na mwingine, nitarudi."

Mzee Khamis akanigeukia. "Bi Mishi. U hai au umekufa?"

Nikasogea. Nikainama na magoti yangu haya. Nikachungulia lile shimo, nikalinusa, nikagusa shina. Halikunuka. Halikuwa na kitu pia. Nilijua neno langu ndilo neno, na vijana wawili wamesimama hapo maisha yao yananingoja mimi nipate miwani yangu. Nikainua kichwa niseme sijui.

Zuhura alikuwa keshafika. Akachuchumaa, akachukua kidole chake cha shahada chenye hina mbichi, akakichoma kwenye udongo wa chungu mpaka kiungo cha pili.

"Hina! Hina wee!" shangazi zake wakapiga kelele.

Hakuwasikia. Akakaa hivyo, namna manesi wanavyomsikiliza mgonjwa mapigo. Kisha akasema kwa Kiswahili kitupu, "Udongo una joto."

Ulikuwa na joto kweli. Swaleh alikuwa ameuleta kutoka Mansfield na hita ya gari imefunguliwa mwisho, mwezi wa nne, yeye mwenyewe anatiririka jasho.

"Baba, msimwulize Bi Mishi," Zuhura akasema. "Mahari ni yangu. Nimeyapokea. Kuanzia sasa ukifa, umefia kwangu."

Wanawake walivyopiga vigelegele, mbwa wa jirani walibweka mpaka tulipomaliza kula. Mzee Khamis alikuwa anafuta miwani tena, na safari hii hakujisumbua kujifanya. Kidole kile hakikurudiwa hina, kesho yake kwenye picha zote kinaonekana kimeparuzika, na Zuhura akakataa mtu kukificha.

Mnataka kujua mnazi. Najua ndicho mnachosubiri, mmevumilia mpaka hapa. Ulikaa. Mwezi wa tano, wa sita, uko vilevile kwenye roshani ya Mansfield, haufi, haukui. Swaleh nilimkataza kuuliza. Nikamwambia kazi yake imekwisha, mwenye mti ni mwingine, na yeye akitaka kuumwagilia aombe ruhusa. Akawa anaomba, na mara nyingine ananyimwa.

Katikati ya lile joto la Julai linalopika lami, simu ikalia nikiwa nimelala mchana wangu. Nikaona jina la Swaleh. Hakuanza na shikamoo.

"Bi Mishi, mnazi wa mke wangu umetoa kuti."

Nikakaa kitako. Nikamwuliza, ni zuri?

"Baya!" akasema, nasikia anacheka, nasikia na Zuhura nyuma yake anampigia mtu mwingine kelele kwenye simu nyingine, Pemba huko. "Limepinda, limekunjamana, ncha yote imekatika. Sijawahi kuona kuti baya namna hii. Amelipiga picha tangu asubuhi, kwenda kazini hataki."